Mshipa Uliokatiza Njia

Chang'ombe, baada ya sala ya adhuhuri

Mwanangu Athumani,

Utakapoisoma barua hii treni itakuwa imeshapita Morogoro, na mimi nitakuwa nimerudi nyumbani kutoka stesheni kwa mguu wangu mmoja na nusu. Mama yako ataitia ndani ya kikapu, chini ya maandazi, usiione mpaka njaa ikuume. Sasa hivi wewe na yeye mmekwenda Kinondoni kumuaga bibi yako, na bibi huyo hajui kuagana na mtu upesi, kwa hiyo nina muda wa kutosha. Nimekaa kwenye benchi langu la biashara, panga nimelilaza chini, na kila mteja anayefika namwambia leo siuzi. Mmoja ameniuliza kama nimefiwa. Nimemfokea mpaka akakimbia, kisha nikajuta, maana hakukosea sana. Tangu asubuhi nimekaa mkao wa mfiwa na hakuna aliyekufa.

Mambo ya blanketi, ya kutosimama mlangoni mwa behewa, ya kuandika mara tu ufikapo kwa mjomba wako Tabora, mama yako amekwisha kukuambia, na ninavyomjua atayarudia yote kesho mbele ya abiria. Mimi nataka kujibu swali lako la jana.

Jana ulikuja hapa hapa ukasimama upande ule wa maganda. Ukasema, "Baba, daktari umemwambia ndiyo. Lakini mie hujaniambia kitu. Mie silali juu ya ile meza bila radhi yako." Nami nikachukua dafu nikaanza kulichonga. Hapakuwa na mteja. Wewe ukasubiri, ukaniangalia nikichonga dafu la mtu asiyekuwapo, halafu ukaenda zako. Lile dafu nililimwaga. Usidhani nilikosa cha kusema. Niliogopa kwamba nikifungua mdomo nitasema usiende.

Naogopa, Athumani. Nakuandikia wazi kwa sababu ana kwa ana siwezi. Naogopa meza ile, naogopa kisu, naogopa dawa ya usingizi watakayokupa, na zaidi ya vyote naogopa maneno ya daktari aliposema kwamba hakuna ajuaye kitakachokutwa humo ndani. Nitafika huko. Acha nianze mwanzo, maana mwanzo wake ni mimi.

Ulikuwa mdogo, ndiyo kwanza umeanza chuo cha Kurani. Ulirudi siku ya jua kali, ukachota maji mtungini ukanywa kata baada ya kata, na hazikupita dakika nyingi ukawa chini umejikunja, umeshika ubavu wa kushoto. Ukatapika. Mama yako akakupapasa akasema hapa pamevimba. Mimi nikafanya ambalo baba yeyote wa huku angefanya, tena mimi muuza madafu: nikapasua dafu nikakunywesha, nikapasua la pili nikakunywesha. Sote huku tumelelewa hivyo, kwamba maji ya dafu husafisha mkojo na kutoa uchafu wa tumboni. Ukalia, ukatapika tena, nikakunywesha tena. Baada ya saa nyingi ukatoka nje ukakojoa, mkojo mwingi wa ajabu, na ulipomaliza maumivu hayapo, uvimbe haupo, unaomba ubwabwa.

Basi nikamwambia mama yako, "Umeona? Dafu limefanya kazi." Na ningejuaje vinginevyo? Kila mara ikawa vile vile. Unaumwa, nakunywesha, unaumwa zaidi, nakunywesha zaidi, kisha unakwenda kukojoa na kupona. Mimi nilihesabu ule mwisho tu. Sikuwahi kujiuliza kabla ya maumivu ulikuwa umefanya nini. Nikakufanya tangazo la biashara yangu. Watu wa Temeke wakija na wazee wao wenye shida ya mkojo nilikuwa nawaambia, "Mwulizeni huyu mwanangu dafu limemfanyia nini," na wewe ulikuwa unaitikia kwa kichwa tu. Nikaona ni haya za mtoto.

Ukakua, ukaanza kufunga. Wenzako Ramadhani walikuwa wanaiba maembe vichakani na kufuta midomo kabla ya kurudi nyumbani, wewe hukula hata siku moja. Kisha ukaanza kufunga Jumatatu na Alhamisi. Mwalimu wako wa chuo alinisimamisha njiani akanipa mkono, akasema Mungu amenijalia. Nilivimba kichwa, mwanangu. Sijapata kutembea na kiburi kama kile, hata nilipokuwa mkwezi na miguu yangu miwili mizima. Nilikuwa nasema mbele ya watu kwamba mwanangu amenishinda dini. Na katika Ramadhani hiyo hiyo, ukiumwa baada ya futari, nilikuwa nasema ni tumbo tupu limeshtuka, leteni dafu.

Siku tuliyokupeleka hospitali ya serikali mjini unaikumbuka, lakini hukuona mengi, ulikuwa umejikunja kwenye lori. Mama yako ndiye aliyekataa. Nilikuwa nimeshashika dafu mkononi, akanishika kifundo cha mkono. "Leo hapana, Baba Athumani. Leo ule mkojo mwingi hautoki. Leo tunakwenda kwa madaktari, na ukitaka kubaki baki na madafu yako." Katika miaka yote hajawahi kusema nami hivyo.

Wakakudunga dawa ya kupigia picha, wakakulaza chini ya ule mtambo wao, wakapiga picha moja baada ya nyingine. Siku mbili tatu baadaye, maumivu yamekwisha kupoa, tukaitwa kwa daktari. Mzungu mwembamba, Kiswahili chake cha kuomba chai tu, na dresa wake, msaidizi Mngoni wa kufunga vidonda, akitafsiri. Daktari akakuuliza, "Unaumwa wakati gani?"

Ukaangalia sakafu. "Nikinywa sana."

"Na usipokunywa?"

"Siumwi. Ndiyo maana nafunga."

Nilikuwa nimesimama nyuma yako. Hukuniona, na namshukuru Mungu hukuniona. Dresa alinisogezea kiti nikakataa, kisha nikakikalia. Jumatatu zote zile na Alhamisi zote zile. Hukuweza kumwambia muuza madafu kwamba madafu yanakuumiza, ukatafuta mahali ambapo baba hawezi kukufuata na kikombe. Na ulikuwa mtoto. Sijawahi kukuuliza kuhusu jambo hili na wewe hujawahi kulitaja, na nadhani tungeweza kuzeeka hivyo hivyo, kila mmoja akimwonea mwenzake huruma.

Kisha yule dresa akatueleza. Nakuandikia nilivyoelewa mimi, ili ukifika huko uone kama ndivyo. Mtu ana mafigo mawili, na kila figo linaletewa damu na mshipa wake mnene. Watu wengi wana mshipa mmoja kila upande. Lakini wapo wenye miwili upande mmoja, wapo hata wenye zaidi, na hawaumwi chochote, wanaishi mpaka uzeeni na kuzikwa bila kujua. Daktari alidhani kwamba wewe upande wa kushoto una mshipa wa pili, mwembamba, unaoingia kwenye figo kwa chini, na kwamba njiani umekatiza mbele ya mrija unaoteremsha mkojo. Mshipa wenyewe si ugonjwa. Kosa lake ni njia uliyopitia.

Dresa akatoka nje, akarudi na bua la jani la mpapai. Akachukua mpira wanaouvaa mkononi kazini, akatoboa ncha ya kidole kimoja cha mpira huo, akakifunga juu ya bua. Akaniomba uzi niliofungia kifurushi changu, akaupitisha mbele ya bua na kuukaza kidogo. Akamimina maji kidogo, yakadondoka chini taratibu kama hakuna kitu. Akamimina mengi. Ule mpira ukavimba, ukavimba, ukalemea mbele, ukajikunja juu ya uzi, na maji chini yakakatika. Akatazama kama nimeelewa. Nilikuwa nimeelewa vizuri sana. Niliyakumbuka madafu yangu yote, moja moja.

Nikasema, "Basi si aukate huo mshipa?"

Daktari akatikisa kichwa kabla hajatafsiriwa. Akasema mshipa huo mwembamba una sehemu yake ya figo unayoilisha, na sehemu hiyo hailishwi na mwingine. Ukiukata, kipande hicho kinakufa. Afadhali kuuacha mshipa ulipo, kuukata mrija, na kuushona upya upite mbele ya mshipa badala ya nyuma. Na kazi hiyo yeye haifanyi. Inafanywa na daktari wa misheni kule mbele ya Tabora, ambaye ameifanya kwa wengine.

Nikauliza swali la mwisho, lile lililoninyima amani. "Ana hakika ndivyo ilivyo humo ndani?"

Nilitaka aseme ndiyo. Ningempa madafu ya bure maisha yake yote angesema ndiyo. Lakini alinyanyua ile picha dirishani, akasema picha inaonyesha mkojo tu, mishipa ya damu haionekani. Huenda ni mshipa mmoja, huenda ni miwili, huenda hakuna, na mrija wenyewe umebana. Watu hawafanani ndani. "Hata yule wa misheni hatajua mpaka afungue."

Nikakushika mkono nikakurudisha nyumbani. Nikasema mwanangu si mzigo wa kufunguliwa ili watu waone kilichomo. Mama yako alilia. Uliacha kunywa sana, mimi nikaacha kukulazimisha, na nikajiambia basi, dawa ndiyo hiyo.

Lakini sikuwa na utulivu. Ndipo nikaanza kwenda kwa Maganga, yule mtani wangu Mnyamwezi anayechinja mbuzi Temeke. Ulishangaa kwa nini nilikuwa naondoka alfajiri na kurudi nanuka shahamu. Nilikuwa nachuchumaa pembeni yake kila mbuzi anapopasuliwa. Nilimwomba asiyang'oe mafigo kwa mkono kama ilivyo desturi yake, aniachie kwanza nifuate mishipa kwa kidole katikati ya yale mafuta meupe. Nilitaka nione yote ni sawa. Nilitaka nirudi nimwambie mama yako kwamba yule Mzungu anatutia hofu bure, viumbe vya Mungu ndani ni sawasawa.

Wa kwanza alikuwa na mshipa mmoja huku, mmoja huku. Wa pili hivyo hivyo. Siku kadhaa zikapita nikaanza kufurahi. Kisha akaja beberu mmoja, mnene, mweusi, na figo lake la kushoto lilikuwa na mishipa miwili. Nikamwambia Maganga ashike taa vizuri. Miwili. Baada ya huyo nikaona mwingine ambaye mshipa wake ulianza mmoja ukagawanyika njiani kabla ya kufika. Na mwingine kulia kwake hakukufanana na kushoto kwake mwenyewe. Nilikwenda kutafuta utulivu nikarudi na hofu mpya: kama mbuzi wa zizi moja hawafanani, nani atamwambia daktari kuhusu wewe?

Maganga alicheka mpaka akakaa. "Mzaramo wewe! Sasa umekuwa daktari wa mbuzi? Hao wamekwisha kufa, bwana, huwezi kuwatibu."

"Mtazame beberu huyu, ana miwili."

"Na asubuhi kanipiga pembe hapa, kakata kamba, tumemkimbiza mpaka kwa Wahindi. Hiyo miwili yake ilimzuia nini?"

"Kwa nini basi wa mwanangu umzuie?"

Akaacha kucheka. "Hilo silijui. Mie nachinja tu."

Nikaacha kwenda.

Kisha ikaja masika ya mwaka huu. Hukuwa umekunywa kupita kiasi, hukuwa umefanya lolote, lakini ulitetemeka chini ya mablanketi mawili na mkojo wako ulikuwa umebadilika harufu. Tukakurudisha hospitali wakakudunga sindano, homa ikashuka, ikapanda, ikashuka. Daktari akamwambia dresa aniambie polepole, nielewe: maji yanayokaa humo yameanza kuoza, safari nyingine figo lenyewe litaoza, na likioza halitaoza peke yake. Nikasema nitafikiri. Mwanangu, ulikuwa unaungua na baba yako akasema atafikiri.

Siku moja, tumekwisha kukurudisha nyumbani na wewe umelala ndani, ulisikia kelele tu, na mama yako akakwambia ni walevi. Hawakuwa walevi. Alikuwa Maganga. Unajua watani wetu wanavyofanya kwenye misiba yetu: wanalala mlangoni maiti asitoke, wanaingia kaburini na kukataa kutoka mpaka wapewe kitu. Sasa Maganga alikuja hapa mchana kweupe amejifunga shuka jeupe, akajilaza kizingitini petu, chali, mikono kifuani. Wanawake wa uani wakapiga kelele. Mama yako akamtupia mwiko.

"Nimekuja mapema," akasema, macho juu. "Nataka kujua nitalala wapi mtoto wa Mzaramo akitolewa. Hapa panatosha? Au nisogee kidogo?"

Nilishika panga. Sikuwa natania. Utani una mipaka yake, na hakuna mtani aliyewahi kumfanyia hivyo mtu aliye hai. Nilisimama juu yake na panga hili hili lililoko miguuni pangu sasa, na yeye hakuinuka.

"Nikate basi," akasema. "Kisu unakiweza wewe, eh? Cha mwenzio tu ndicho hukitaki. Siku yenyewe nikija mtanipa kitu ili niondoke. Leo sitaki kitu. Leo nipe neno niondoke. Sema ndiyo."

"Ondoka, Maganga."

"Sema ndiyo."

Nikatazama mlangoni nikaona mguu wako kitandani, umetoka nje ya blanketi, mwembamba. Nikasema ndiyo. Akainuka papo hapo, akakunja shuka lake, akapita bila kunitazama. Nilimfuata baadaye ili nimtukane, nikamkuta nyuma ya rundo la maganda ya nazi amejiziba uso kwa lile shuka. Nikarudi bila kumtukana.

Kwa hiyo ile "ndiyo" niliyokwenda kumpa daktari ilikuwa "ndiyo" ile ile niliyompa Maganga, ya kumwondoa mtu mlangoni. Wewe uliijua. Ndiyo maana jana ulikuja kutaka radhi yenyewe.

Sasa nikuambie nilichokaa nikikiwaza tangu mmeondoka. Ninapoketi hapa naona kilele cha ule mnazi wa nyumba ya pili, na nimekuwa nikiutazama. Watu hudhani nilianguka nikavunjika mguu huu kwa sababu mnazi ule wa Mtoni ulikuwa mrefu. Haukuwa mrefu. Nilikuwa nimepanda minazi mingi mno, mkono wangu ulikuwa unakwenda wenyewe, ukifika juu unashika shina la kuti bila macho kuangalia, maana kila mnazi kuti liko pale pale. Ule wa Mtoni kuti lililokuwa pale lilikuwa limekauka na kuachia. Nililishika kama nilivyoshika yote. Wazee wa kazi walikuja kunitazama nimelala, mmoja akaniuliza, "Uliangalia?" Nikasema nilikuwa najua. Akasema, "Sikukuuliza hivyo."

Wakati ule nilikuwa na umri kama wako wa sasa ukiongeza kidogo, na nilimchukia mzee yule. Leo nimemkumbuka kwa sababu ya yule daktari na picha yake dirishani. Mimi nilitaka mtu wa kuniambia anajua. Nikaogopa aliyesema hajui mpaka aone. Lakini kama ningekuwa mimi ndiye mnazi, Athumani, ningetaka anipande nani? Si yule kijana wa Mtoni. Ningetaka yule anayesimama chini, anatazama juu, anasema huu siujui, ngoja kwanza niangalie.

Hofu haijaondoka, usidhani. Ipo hapa nami kwenye benchi. Nawaza watafungua wakute mshipa mmoja zaidi ya walivyotarajia, mahali wasipotarajia. Nawaza damu. Nawaza watakuta figo lote limeharibika walitoe, ubaki na lile la kulia, na hata hilo sijui mishipa yake imepitaje. Kuna jambo jingine ninalowaza ambalo mkono wangu unakataa kuliandika. Mama yako nasikia analiwaza pia, maana amekushonea kanzu mbili badala ya moja, kama vile kushona nyingi kutakulazimisha urudi uzivae.

Lakini nakuomba jambo moja, na hili si la kukufunza, ni la kunisaidia. Daktari wa huko akikuuliza wapi panauma, mwonyeshe papo hapo. Akikuuliza tangu lini, mwambie tangu lini, hata kama jibu linamfanya mtu fulani aonekane mjinga. Mwambie kuhusu madafu. Mwambie baba yangu alikuwa ananinywesha. Na nesi akikuletea kitu na mwili wako unakataa, sema hapana, hata akiwa amekuja nacho kwa mapenzi. Ungeniambia hapana nilipokuletea dafu la kwanza ningenuna siku nzima, labda mbili, na leo usingekuwa kwenye treni hiyo. Sikulaumu. Mimi ndiye niliyefanya nyumba ambamo mtoto anaona ni rahisi kushinda na njaa kuliko kumkatalia baba yake.

Ukipona, mjomba wako atakupeleka karakana ya reli ujifunze kazi, na utakaa huko, na mimi nitazoea. Hao Wanyamwezi watakutania kutoka stesheni mpaka kitandani. Watakwambia Wazaramo tunauza shamba ili tucheze ngoma. Usikasirike, wajibu, wewe si bubu. Na ukikutana na ndugu yeyote wa Maganga, mtukane kwa niaba yangu, halafu umwambie namsalimu.

Mama yako na wewe mtarudi karibu. Nasikia watoto wa jirani wanapiga kelele mwisho wa mtaa, huenda ni nyinyi. Namalizia.

Unajua desturi yangu. Hakuna mtu wa mtaa huu aliyewahi kupanda treni bila mimi kwenda naye stesheni na dafu. Yule mwalimu alipohamishwa, yule mjane alipokwenda Kigoma, hata karani yule niliyegombana naye, nilimpandishia dafu dirishani. Mjomba wako naye alipokwenda kuanza kazi alikunywa langu, maji yakammwagikia kanzu. Watu wamezoea kuniona pale nachechemea na dafu mkononi. Kwa hiyo kesho watashangaa, na wewe pia utashangaa. Sasa unaposoma haya umeshashangaa. Ulinitazama kutoka dirishani, ukaitazama mikono yangu, ukatazama nyuma yangu kama dafu nimempa mtu anishikie, ukaona hakuna. Nilikuinulia mikono yote miwili, mitupu, mpaka treni ikaondoka.

Ile ndiyo radhi yangu, mwanangu. Lala juu ya meza yao.

Baba yako